Saa Moja Jioni

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, biashara hasa huanza jua linapokaribia kuzama. Asubuhi watu hutoka: wa mjengo, wa viwandani, walinzi wa zamu ya mchana, mama fua, wasukuma mikokoteni. Kuanzia saa kumi na moja jioni huanza kurudi, wengi wao kwa miguu, na pesa ya siku hiyo mfukoni. Ndipo moto wa mama wa chapati unapowashwa kando ya njia, samaki wanapotumbukizwa kwenye mafuta, na sukuma wiki inapokatwa na kutiwa kwenye mifuko ya shilingi kumi. Unga hupimwa kwa kikombe, na mafuta ya kupikia hutiwa kwenye kichupa. Wenyewe huuita uchumi wa kadogo. Hakuna anayenunua cha wiki nzima, kwa kuwa hakuna aliyelipwa cha wiki nzima. Mpaka saa tatu usiku muuzaji ameshajua kama kesho atakuwa na mtaji au la.

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia Ijumaa ya tarehe 27 hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sababu zilikuwepo. Kisa cha kwanza cha korona kilikuwa kimetangazwa nchini Machi 13 na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, na siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Televisheni zilikuwa zikionyesha hospitali za Italia zimefurika, na kila daktari wa Kenya alijua kwamba vitanda vya wagonjwa mahututi nchini ni vichache na vingi viko Nairobi na Mombasa. Chanjo haikuwepo. Kagwe akawaonya wananchi kwamba wakiendelea kujiendesha kama kawaida, ugonjwa nao utawatendea isivyo kawaida. Sioni haki ya kuwacheka leo waliofanya uamuzi wakiwa gizani. Ninachouliza ni kwa nini giza hilo liliangukia jioni, na kwa nini aliyeagiza mlango ufungwe saa moja hakujiuliza nani alikuwa akila kutokana na saa moja hadi saa tatu.

Siku yenyewe ya kwanza ilianza vibaya, na ilianza kabla ya wakati wake. Alasiri ya Machi 27, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, watu walikuwa wamejazana wakiwahi kufika ng'ambo kabla ya kafyu. Kwa kawaida kivuko hicho huvusha watu wapatao laki tatu kwa siku, na siku hiyo waliruhusiwa kutoka kazini karibu wote kwa wakati mmoja. Polisi walifyatua gesi ya machozi, wakawapiga watu kwa virungu, wakawalaza chini kifudifudi wakigusana mabega. Saa moja ilikuwa bado kufika. Amri iliyotolewa ili watu wasikaribiane iliwarundika pamoja, wakikohoa na kufuta machozi kwa mikono waliyokuwa wameambiwa wasiipeleke usoni.

Siku tatu baadaye, usiku wa Machi 30, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, karibu na Mathare, polisi walipokuwa wakiwafukuza watu barabarani. Alikuwa nyumbani, kama alivyoagizwa. Rais aliomba radhi kwa jumla kuhusu ukatili wa polisi siku chache za mwanzo za kafyu. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ilikuwa imepokea ripoti za vifo 15 na majeruhi 31 vilivyodaiwa kusababishwa na polisi katika kutekeleza kafyu. Wakati huo korona yenyewe ilikuwa imeua watu wasiofika mia moja kwa hesabu ya serikali. Juni 8 wakazi wa Mathare waliandamana, wakina mama mbele, wakitaja majina ya waliouawa.

Kando ya hayo nitaweka kisa cha Julai mwaka huohuo. Seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kushughulikia janga la korona, alikamatwa baada ya saa za kafyu katika baa moja ya Kilimani. Alijiuzulu uenyekiti, akakiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 15,000. Sina haja ya kumsimanga, kwa kuwa alifanya yale ambayo sheria inamtaka mkosaji afanye. Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa na bei mbili.

Ila risasi na virungu, kwa uchungu wake wote, viliwafikia wachache. Iliyowafikia wote ilikuwa hesabu ya kimyakimya ya mapato. Nchini Kenya zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanaofanya kazi nje ya mashamba madogo wako kwenye sekta ya juakali, bila mkataba, bila likizo, bila bima. Mama fua ndio walioanguka kwanza. Hao ni wanawake wanaokaa alfajiri kando ya kuta za Eastleigh, Pangani na Kileleshwa, wakingoja mwenye nyumba atoke na kuita mmoja akafue. Machi ilipoisha, wenye nyumba waliacha kutoka. Waliogopa kuingiza mgonjwa ndani, na wengine walikuwa wamefukuzwa kazi au kukatwa mshahara na sasa wakifua wenyewe. Hakuna amri iliyopiga marufuku kufua nguo za watu, lakini kazi hiyo ilikauka kama kisima.

Mwenye kazi naye alilipia nauli zaidi ili aifikie. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, na kwa sababu ya kafyu kila mtu akataka kurudi kwa wakati mmoja. Kibarua wa mjengo akawa anaondoka saa tisa mchana ili awahi, na mkandarasi akamkata malipo ya saa asizofanya. Alipofika mtaani alikuta mama wa chapati amekwisha kufunga. Mama huyo alikuwa ameuza saa moja badala ya nne, na unga aliokanda ukamlalia. Hivi ndivyo kafyu ilivyofanya kazi yake: haikumfuta mtu kazi kwa barua, ilimpunguzia saa kutoka pande zote mbili, ya kupata na ya kutumia, mpaka mtaji ukaliwa. Wauza mitumba wa Gikomba walipata pigo lao peke yao, kwa kuwa uingizaji wa nguo hizo ulisitishwa mwishoni mwa Machi na haukuruhusiwa tena hadi Agosti.

Na kunawa mikono? Katika mabanda mengi maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mabomba yanapokauka. Familia ya watu sita ikinawa kama ilivyoagizwa, mtungi mzima unaishia mikononi. Mashirika ya mitaani yalilielewa hilo mapema kuliko wizara. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, liliweka vituo vya kunawia kwenye njia za kuingilia mitaa, na vikundi vya vijana vikafanya hivyo kwa mapipa na mifereji ya kuchonga. Barakoa ilikuwa na hesabu yake pia. Kutovaa kungeweza kumgharimu mtu faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, katika nchi ambako wengi hawajawahi kushika shilingi 20,000 kwa mara moja.

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilipofanya uchunguzi wake wa wafanyakazi, lilikuta kwamba kati ya robo ya kwanza na ya pili ya mwaka 2020 watu wenye kazi walipungua kwa milioni 1.7. Katika uchunguzi mwingine wa miezi hiyohiyo, karibu familia 3 kati ya 10 zilishindwa kulipa kodi ya nyumba kwa wakati.

Kodi ya nyumba, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoonyesha wazi serikali ilikuwa ikimwona nani ilipofikiria mwananchi. Tarehe ileile ya kutangaza kafyu, Rais alitangaza nafuu. Waliokuwa wakipokea mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato yote. Kiwango cha juu cha kodi hiyo kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Shilingi bilioni 10 ziliahidiwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Mabenki yakaruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika, na kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ya thamani ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa imepangwa upya. Kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa tayari kumefanywa bure.

Zichungulie nafuu hizo ukiwa umekaa nje ya mlango wa mama fua. Hana hati ya mshahara, kwa hiyo kodi ya mapato hakuwa akiilipa, na hakuna aliyemsamehe kitu. Meneja wa mshahara mnono ndiye aliyeona tofauti kubwa kwenye akaunti yake mwezi wa Aprili. Unga haukuwa na VAT hata kabla ya janga. Mkopo wa benki hakuwa nao. Deni lake lilikuwa kwa landlodi, na kwenye Fuliza na mikopo mingine ya simu. Nafuu iliyomgusa kweli ni ile ya kutuma pesa bure, na ikamgusa kwa njia ya ajabu kidogo: wenzake waliweza kumtumia shilingi mia mbili bila mia mbili hizo kung'atwa njiani. Serikali ilikuwa imerahisisha maskini kumsaidia maskini.

Landlodi hakupewa amri yoyote ya kungoja. Alisihiwa tu. Mswada wa kushughulikia majanga uliandaliwa kwenye Seneti, ukiwa na vipengele vya kuwakinga wapangaji walioshindwa kulipa, lakini haukuwahi kuwa sheria. Kwa hiyo milango ilifungwa kwa kufuli za juu huku vyombo vikiwa ndani, na baadhi ya wenye nyumba waling'oa mabati ya paa au kubeba milango ili mpangaji aondoke mwenyewe. Tuwe wa haki: wengi wa landlodi hao si matajiri. Kuna wajane wenye vyumba vinne vya mabati ambavyo kodi yake ndiyo chakula chao, na wao pia hakuna aliyewakumbuka. Katikati ya watu wawili wasio na kitu serikali ilijitoa, ikawaacha wapatane.

Zamani mtu aliyeshindwa na mji alikuwa na njia moja: kurudi mashambani. Kwa wazee wetu wa miaka ya misukosuko hiyo ndiyo ilikuwa bima. Lakini Aprili 6 usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake ulipigwa marufuku, na siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Mandera ikafuata. Aliyekuwa na gari na barua alipita. Asiye na kazi mjini akabaki mjini, akilipia nyumba, mbali na mihogo ya mamake. Kwa Nairobi marufuku hiyo ilidumu miezi mitatu, hadi asubuhi ya Julai 7, na wakati huo akiba ndogo alizokuwa nazo mtu zilikuwa zimekwisha.

Katikati ya siku hizo, Mei 4, matingatinga yaliingia Kariobangi, kwenye ardhi iliyo karibu na mitambo ya majitaka ya mji, yakabomoa nyumba za maelfu ya watu. Ulikuwa msimu wa masika. Watu walioambiwa na serikali wakae nyumbani walilala mvuani kwa kazi ya serikali hiyohiyo, na hawakuweza hata kutoka mjini kwenda kwa ndugu. Siku chache baadaye ubomoaji ukaendelea Ruai.

Mwenye kuijua Nairobi hashangai sana. Mwaka 1902, mji ukiwa na umri wa miaka mitatu tu, tauni iliingia kwenye Soko la Wahindi, mahali palipokuwa na msongamano na uchafu kwa sababu watawala hawakuwa wameweka mifereji. Wakuu wa afya wakaamuru soko zima lichomwe moto. Baadaye tauni ilitumiwa mara kwa mara kama hoja ya kuwatenga watu kwa rangi, Wazungu juu vilimani, Wahindi na Waafrika kwenye tambarare zenye matope. Mipaka ya msongamano ambayo korona ilikuta mwaka 2020 ilichorwa sehemu kubwa na hofu ya magonjwa ya wakati ule. Mei 6 serikali ilipouzingira mtaa wa Eastleigh, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, ilikuwa ikiweka kamba mahali pa kamba za zamani. Eastleigh ni mtaa wa maduka makubwa, lakini wanaobeba mizigo yake, wanaofagia na kufua wanalala ng'ambo ya mto, Mathare. Wao hawakufungiwa ndani. Walifungiwa nje, mwezi mzima.

Mombasa ilipigwa mara mbili. Hoteli za pwani zilikuwa tupu tangu ndege ziliposimama mwishoni mwa Machi, na pamoja na wahudumu wakaanguka wavuvi waliowauzia samaki, wachonga vinyago, madereva wa tuktuk, wauza madafu wa ufuoni. Kisha Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Mtu wa bara huenda asielewe maana ya jioni ya Ramadhani kwa Mswahili wa Mombasa. Mchana mji hulala. Baada ya futari huamka, na biashara ya mwezi huo hufanyika kati ya magharibi na usiku wa manane. Viazi vya karai, mishikaki, kaimati, mkate wa sinia, kahawa chungu, nguo za Idi: vyote ni vya usiku. Misikiti ilifungwa, tarawehe zikasaliwa majumbani, na adhana ya magharibi ikawa inafuatwa muda mfupi baadaye na king'ora cha polisi. Kwa familia nyingi za Majengo na Kisauni mapato ya mwezi huo ndiyo hulipa madeni ya miezi mingine. Mwaka huo hayakuja. Mji wa Kale ulizingirwa ukiwa katikati ya mfungo, ukafunguliwa mwanzoni mwa Juni, Idi imekwisha kupita.

Ni huko Kisauni, mwisho wa Aprili, ambako mama mmoja mjane, mwenye watoto wanane, aliinjika sufuria ya mawe. Alikuwa mama fua na kazi ilikuwa imekwisha. Aliwaambia watoto wangoje, chakula kinaiva, akitumaini watasinzia. Jirani aliingia aliposikia vilio, akaona, akapiga simu, na habari ikafika kwenye televisheni. Kila mtoto aliyepitia madrasa pwani anakijua kisa cha Khalifa Umar aliyezunguka Madina usiku, akamkuta mwanamke akichemsha mawe ili kuwaliwaza watoto, akaenda mwenyewe hazina na kurudi na gunia la unga mgongoni, akikataa mtumishi wake ambebee. Ndiyo maana habari ile iliuchoma mji kuliko takwimu yoyote. Watu walituma pesa kwa simu kutoka kila pembe ya Kenya, mama mwenyewe akashangaa kwamba wageni wanaweza kumpenda hivyo. Katika kisa cha Madina, hata hivyo, mgeni aliyekuja mlangoni alikuwa serikali. Kisauni alikuja jirani.

Msaada wa chakula ulipotolewa hadharani ulikuwa na hatari zake. Aprili 10, Kibera, umati uliokuja kupokea chakula karibu na ofisi ya serikali ulisukumana na kukanyagana, polisi wakafyatua gesi ya machozi, watu wakaumia. Baada ya hapo ikawa ni orodha. Mpango wa kuzitumia familia za mabanda shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu ulikuwa mzuri kwenye karatasi, kwa kuwa pesa za simu hazikanyagani. Tatizo likawa nani anaandika majina. Orodha zilipitia kwa wazee wa mitaa, machifu na wasaidizi wao, na shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021, lilieleza jinsi upendeleo na ukosefu wa uwazi ulivyoziacha nje familia nyingi zilizostahili. Watu wa mitaani hawakuhitaji ripoti kulijua hilo. Walikuwa wakiona nani kapata ujumbe wa simu na nani hakupata.

Mpango wa serikali wa kuwaajiri vijana, Kazi Mtaani, ulifanya vizuri zaidi. Vijana walifagia njia na kuzibua mitaro kwa malipo ya siku, mwanzoni shilingi 653, baadaye 455, na mamia ya maelfu waliandikishwa katika awamu ya pili. Walichekwa kwamba wanapewa fagio badala ya kazi, lakini duka la mtaa liliuona mchango wao siku ya malipo.

Wakati huohuo pesa kubwa zilikuwa zikipita mahali pengine. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ulionyesha kwamba mamlaka ya kununua dawa na vifaa vya hospitali, KEMSA, ilitumia shilingi bilioni 7.8 kununua vifaa vya korona kwa taratibu zilizokiuka sheria, vingi kwa bei ya juu kuliko ya soko, baadhi kutoka kwa kampuni zilizoandikishwa majuzi. Bilioni 7.8 ukizigawa kwa elfu moja moja unapata wiki moja ya msaada kwa familia milioni 7.8, na hakika Kenya haina familia maskini nyingi kiasi hicho.

Kuna gharama zilizochelewa kuonekana kwa sababu zilitokea ndani ya nyumba, usiku. Uchungu wa uzazi haujui kafyu. Mwanamke wa Kayole aliyeshikwa saa tano usiku hakuwa na matatu wala teksi iliyokubali, na mwenye bodaboda alikuwa akikumbuka wenzake waliopigwa. Daktari Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliona wodi ya wazazi ikipungukiwa wanawake usiku na kuongezekewa waliofika wakiwa hali mahututi asubuhi. Akatangaza kwenye mtandao kwamba anatafuta njia ya kuwabeba, na kutokana na hilo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life, wa ambulensi za bure kwa wajawazito wakati wa kafyu. Ilikuwa kazi njema. Pia ilikuwa ushahidi kwamba walioandika amri ya usiku hawakuwa wamekaa na mkunga hata mmoja.

Waliopelekwa karantini kwa lazima walilipia wenyewe, na hata vituo vya bei ya chini vilitoza karibu shilingi 2,000 kwa siku. Mtu aliyeshikwa kwa kuvunja kafyu angeweza kujikuta humo siku 14. Video ya Aprili ilionyesha watu wakiruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi, na nchi ikawacheka kabla ya kuuliza bei. Mei 6 serikali ikakubali kulipia vituo vya umma. Kabla ya hapo, kupimwa kulikuwa kamari ambayo maskini mwenye akili hangeicheza.

Shule zilifungwa Machi na kwa wanafunzi wengi hazikufunguliwa hadi Januari 4, 2021. Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza Julai kwamba mwaka wa masomo umepotea. Madarasa matatu tu yalirudi Oktoba. Masomo ya redio na televisheni yalimfaa mwenye umeme. Mtoto wa Turkana au Mukuru alipoteza pia uji na githeri ya mchana, na msichana alipoteza sodo alizokuwa akigawiwa na ulinzi wa kuwa mahali anapojulikana. Walimu wa shule za kibinafsi za bei nafuu walikatiwa mishahara siku moja. Shule moja ya Mwea iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Nyingine hazikufunguka tena. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilizidi: shule zake hazikurudi kikamilifu hadi Januari 2022.

Je, ugonjwa ulizuilika? Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na Wellcome Trust walioko Kilifi walipima damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, wakakuta kwamba yapata mtu mmoja kati ya ishirini tayari alikuwa na kingamwili za korona, wengi zaidi Nairobi na Mombasa, ilhali vifo vilivyotangazwa vilikuwa vichache. Uchambuzi wao wa mwaka 2021 ulieleza wimbi la kwanza kwamba lilipita hasa kwa wakazi wa mijini wenye kipato cha chini, ambao hawakuweza kukaa nyumbani. Wenye uwezo wakajikinga kwa wakati huo, na wimbi la pili likawafuata masharti yalipolegezwa. Nimeurudia utafiti huo mara nyingi, kwa sababu unageuza hadithi tuliyozoea kusimuliana, kwamba maskini walipoteza riziki ili taifa lipone. Walipoteza riziki na ugonjwa wakaupata, wao wa kwanza. Kilichonunuliwa kwa jioni zao ni muda, na muda huo ulitumiwa na wengine.

Nyingi kati ya nafuu zile zilikuwa na tarehe ya mwisho. Januari 1, 2021 VAT ilirudi asilimia 16 na kodi ya juu ya mapato ikarudi 30. Utumaji wa bure wa shilingi 1,000 nao ukakoma mwisho wa Desemba. Kafyu haikukoma. Machi 26, 2021 Nairobi na kaunti nyingine nne zilifungwa tena kwa zaidi ya mwezi, baa zikafungwa, mikahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, saa za kafyu zikarudishwa nyuma hadi saa mbili usiku, na safari hii hapakuwa na nafuu ya kodi. Juni ikawa zamu ya Kisumu na kaunti za magharibi. Amri ya kutotoka nje iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, Rais akiwa uwanjani Wang'uru, Kirinyaga, umati ukishangilia. Ilikuwa imedumu karibu miezi 19, na nyingi kati ya nafuu zilidumu miezi tisa.

Wanasiasa waliisoma hali hiyo vizuri kuliko wachumi. Kwenye kampeni za 2022 wilbaro, mama mboga na bodaboda vikawa nembo, na William Ruto, aliyekuwa naibu wa Rais kipindi chote cha kafyu, akashinda Agosti 9 akijiita mtetezi wa mahasla, yaani wahangaikaji wa kila siku. Novemba 30 mwaka huo alizindua Hazina ya Hustler. Mama fua aliyetoka kwenye miezi 19 ile akiwa na deni la landlodi na deni la Fuliza angeweza sasa kubonyeza simu yake na kupata shilingi 500, kwa mkopo.